Vikombe vya Kuvu Vidogo Kuliko Punje ya Mtama: Namna ya Kuvitambua kwa Hadubini ya Kawaida

Masika yakishapiga wiki mbili, ingia shamba lolote la mikarafuu hapa Pemba, chuchumaa, okota kijiti kilichooza na ukigeuze. Upande uliolalia ardhi utaona vidoa: vyeupe, vya manjano, vyekundu, vingine kama tone la nta lisilo na rangi. Visogezee kioo cha kukuzia. Kidoa kinageuka kikombe chenye mdomo na kitako, pengine na manyoya ubavuni. Vingi havifiki milimita moja kwa upana.

Siku moja nimechuchumaa hivyo karibu na Konde, bibi mwenye shamba akanijia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umeangusha nini?”

Nikamwonyesha kijiti. Akakitazama, akanitazama na mimi.

“Huo waliwa?”

“Hauliwi, bibi. Ukikusanya wa shamba zima haujazi kijiko.”

“Basi wautakia nini?”

Nikamwambia kwamba katika jamaa za hivi vikombe wamo wanaonasa minyoo hai ardhini wakaila. Hapo bibi akatafuta gogo, akakaa.

Kwa macho matupu vikombe vyeupe ishirini vya aina tofauti hufanana kama punje za mchele. Kinachovitenganisha kimo ndani, na ndani hakuonekani bila hadubini. Mimi ni mtu wa maabara, na hadubini ninayotumia ni ya namna ileile ya kusomea damu ya malaria: lenzi ya 4, ya 10, ya 40, na ya 100 inayotaka mafuta. Inatosha kabisa. Kinachowaangusha wengi ni haraka ya kutia dawa. Shika hili kabla ya jingine lolote: kikombe kitazamwe kwanza kikiwa hai, ndani ya maji matupu.

Vitu vya kuwa navyo

Slaidi na vioo vyembamba vya kufunikia. Wembe mpya wa kunyolea, uvunjwe katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Sindano mbili za kushonea zilizochomekwa kwenye vijiti. Kidonyeo, karatasi za shashi, penseli yenye kifutio, na kioo cha mkono kinachokuza mara 10. Kwa dawa, maabara ya hospitali ina karibu zote: potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo hutumika kwa magamba ya ngozi (changanya na maji sawa kwa sawa ipatikane ya asilimia 5), bluu ya pamba ya kupakia fangasi, na iodini ya Lugol. Lugol kali izimue kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyokolea. Potasi inaunguza ngozi na macho, na ikigusa lenzi huharibu kioo, kwa hiyo tumia tone dogo na ufute mapema.

Kuokota

Masika, Machi mpaka Mei, na vuli, Oktoba mpaka Disemba, ndiyo misimu yenyewe. Usitafute vikombe, tafuta vinapolala: makumbi ya nazi yaliyolowa, karara zilizoanguka, mashina ya makuti, vijiti vya mkarafuu na mwembe, majani makavu yaliyorundikana. Vijiti vilivyonasa juu mtini bila kugusa ardhi usivipuuze, vina watu wao. Kwenye msitu wa Ngezi, au Jozani kwa walioko Unguja, omba ruhusa kwanza. Misitu hiyo imehifadhiwa na hata kijiti kilichooza kina mwenyewe.

Chukua kikombe pamoja na kipande cha alichokalia, usikibandue. Weka kwenye kijisanduku kidogo, cha kibiriti kinafaa, na utie kipande cha shashi chenye unyevu kidogo. Mfuko wa nailoni, mbali na kwamba umepigwa marufuku, hutoa jasho, na kesho yake utakuta ukungu wa kijani umekula mzigo wote. Andika papo hapo tarehe, mahali, na hasa jina la mti na sehemu yake: gome, mti mtupu, au jani. Ukiandika “kijiti” tu, umetupa nusu ya kazi, maana kuvu nyingi kati ya hizi huchagua nyumba.

Kabla ya kufunika, kipulizie kikombe pumzi kidogo huku jua likiwa nyuma yake. Kilichokomaa huweza kufuka moshi mwembamba, mara moja, kama mtu aliyezima mshumaa. Moshi huo ni spora, yaani vijimbegu vya kuvu. Kikombe cha namna hiyo ndicho cha kupeleka mezani kwanza.

Hakikisha ni kikombe kweli

Wapo waigaji watatu. Ule ukoga wa kijivu kwenye magome ya mikarafuu, ambao ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, nao huzaa visahani. Ukikata kimoja utaona chini yake chembe za kijani. Wapo jamaa wa uyoga wa kawaida wenye umbo la kikombe, ambao spora zao hukaa nje, juu ya vijipembe, aghalabu nne nne. Na yupo yule anayeitwa kiota cha ndege, Cyathus, mwenye “mayai” ndani. Huyo utamjua bila hadubini. Kikombe tunachokitafuta sisi hubeba spora ndani ya vifuko virefu, kwa kawaida nane katika kila kifuko, kama njugu ndani ya ganda. Wataalamu huviita askasi. Hapa nitasema vifuko.

Kukata na kutandaza

Kikombe cha nusu milimita hakishikiki kwa vidole. Chukua kiini cheupe cha mche wa muhogo, au lile boya jeupe la kufungashia televisheni, lipasue, bana kikombe katikati, kisha kata vipande vyembamba kwa wembe uliolowa maji. Vinne vitakuwa vinene kama vipande vya muhogo wenyewe, na cha tano kitafaa. Usikate tamaa, kata kumi.

Ukitaka njia ya mkato, weka robo ya kikombe kwenye tone la maji ya bomba, funika kwa kioo chembamba, halafu gonga taratibu kwa kifutio cha penseli mpaka kitu kitandazike. Kipande kilichokatwa kinakuonyesha ukuta na mpangilio. Kilichogongwa kinakuonyesha vifuko na spora kimoja kimoja. Fanya vyote viwili.

Maji matupu, na saa nzima

Anza na lenzi ya 10, panda 40. Katika tabaka la juu la kikombe utaona vifuko vimesimama kama magunia, na katikati yake nyuzi nyembamba zisizo na spora. Nyuzi hizi nitaziita nyuzi tasa. Zitakusaidia kuliko unavyodhani.

Kifuko kilicho hai kimejaa, kimevimba, kimeng'aa. Kilichokufa kimenywea, na ndani yake mmejaa chengachenga. Tofauti ya unene kati ya kifuko hai na kilichokufa ni kubwa mno, kwa hiyo kila kipimo uandike mbele yake “hai” au “mfu”. Hans-Otto Baral wa Ujerumani, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1992, alisisitiza kwamba sura ya seli hai ni ushahidi ambao dawa na ukavu huufuta. Ukitia potasi matone ya ndani ya nyuzi tasa hutoweka mbele ya macho yako. Nimeyaona yakitoweka; ni sawa na kufuta ubao kabla ya kunakili.

Basi nakili haya, kwa mchoro hata kama hujui kuchora:

Spora: umbo lake, kama zina vyumba, na matone ya mafuta yaliyomo. Je, ni mawili makubwa, moja kila ncha? Ni mengi madogo? Hakuna? Matone ya mafuta hukaa baada ya kufa, lakini huungana, kwa hiyo idadi na mpangilio ni vya kuandika zikiwa hai.

Nyuzi tasa: ncha zake ni nyembamba, zimevimba kama njiti ya kibiriti, au zimechongoka kama mkuki na kuvipita vifuko kwa urefu? Ndani mna kitu kinachong'aa kama glasi, au rangi ya chungwa?

Ncha ya kifuko: hapa ndipo ukoo mzima unapogawanyika. Kaa umekitazama kimoja kilichokomaa. Vingine vikifyatua spora hufunguka kifuniko kidogo, kama cha birika, kikabaki kikining'inia. Vingine havina kifuniko, spora hupenya kitundu katika ncha iliyonenepa. Vyenye kifuniko ni oda (kundi kubwa la koo kadhaa) ya Pezizales. Vidogo vingi visivyo na kifuniko ni Helotiales na jamaa zake. Kama hujaona kikifunguka, tafuta vilivyo vitupu.

Maji hukauka. Kila dakika chache ongeza tone ukingoni mwa kioo. Na mafuta ya lenzi ya 100 yasiifikie ya 40. Nimemaliza mchana mzima nikisafisha lenzi kwa kosa hilo.

Kupima

Kipimo bila hadubini iliyosawazishwa ni kubahatisha. Rula ndogo iliyomo ndani ya lenzi ya jicho ina migawo tu, haina maikromita (sehemu za elfu za milimita). Slaidi maalumu ya kusawazishia ikikosekana, maabara nyingi zina chemba ya Neubauer ya kuhesabia seli, na mraba mdogo kabisa wa katikati yake una upande wa maikromita 50. Uweke chini ya lenzi ya 40. Kama upande huo umechukua migawo 20 ya rula, basi mgawo mmoja ni 50 kugawa kwa 20, yaani maikromita 2.5. Kwa lenzi ya 100 chemba ni nene mno. Piga hesabu: 2.5 mara 40 gawa kwa 100, unapata 1. Thibitisha kwa kupima spora moja kwa lenzi zote mbili. Chembe nyekundu za damu kwenye slaidi kavu, zenye upana wa maikromita 7 hivi, zitakwambia kama umekosea sana.

Pima spora zilizokwisha kutoka zenyewe, si zilizomo kifukoni, kwa kuwa za ndani huenda hazijakomaa. Njia rahisi ni kuacha kikombe usiku kwenye kisanduku chenye unyevu, na kioo chembamba juu yake kwa umbali wa milimita chache. Asubuhi spora zimejipiga kwenye kioo. Pima 20 mpaka 30, urefu na upana, andika vipimo vya kawaida na vilivyozidi pembeni kwenye mabano, kwa mfano (8.5) 9–11 (12) × 3–3.5. Gawa urefu kwa upana upate uwiano. Spora mbili zenye urefu sawa, moja yenye uwiano wa 1.5 na nyingine 3.5, kwa kawaida si za aina moja.

Iodini, na mwezi wangu uliopotea

Weka tone la Lugol ukingoni mwa kioo, upande wa pili gusisha shashi ili iyavute maji na kuileta iodini ndani. Tazama ncha za vifuko kwa 40 kisha kwa 100. Yapo majibu manne ya kuandika: ncha ina kipete au vidoa viwili vya bluu, ncha nzima au ukuta wote wa kifuko umekuwa bluu, kipete ni chekundu kama kutu, au hakuna kitu.

Hilo jekundu lina hila. Ukikitia kikombe hichohicho potasi kwanza, ukakisuuza vizuri kwa maji, kisha iodini, wekundu unageuka bluu. Usiposuuza, potasi itaiua iodini na hutaona kitu. Andika matokeo yote mawili, kabla ya potasi na baada yake. Wengi hutumia dawa ya Melzer, ambayo ina iodini na kemikali nyingine. Mimi naipendelea Lugol, kwani Melzer huuficha wekundu huo, na kemikali yake nyingine ni sumu isiyopatikana dukani.

Sasa aibu yangu. Mwaka mmoja wa vuli niliandika “hakuna” kwa vielelezo kumi na vinne mfululizo. Nilianza kuamini nimegundua ukoo mpya usiojua iodini. Chupa yangu ilikuwa ya plastiki angavu, imekaa dirishani, na dawa imefifia mpaka rangi ya mkojo wa mtoto. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kazi, natia tone kwenye unga wa muhogo: ukigeuka bluu nyeusi, dawa ni nzima. Chupa ni ya kahawia na inakaa kabatini.

Vielelezo kumi na vinne nilivirudia vyote kutoka kwenye bahasha, vikiwa vikavu, na saba vikatoa bluu. Iodini haijali uhai. Unaweza kuipima hata baada ya miaka. Lakini vitatu kati yake sikuwa nimevichora vikiwa hai kwenye maji, kwa kuwa siku ile nilikuwa na haraka ya kufika kwenye dawa, na hivyo vitatu hadi leo vina bahasha bila jina.

Rangi zilizobaki

Bluu ya pamba ni ya kuonyesha vinundu na mikwaruzo juu ya spora. Ipashe moto kidogo kwenye slaidi, isichemke. Potasi ni ya kulainisha vilivyokauka na kutazama kitako cha vifuko: je, mzizi wake una kitanzi kidogo kama ndoana, au umenyooka? Kwa Helotiales ndoana hiyo hutenganisha spishi.

Usisahau ukuta wa kikombe. Katika kipande kilichokatwa, tazama seli za nje: ni za mviringo kama zabibu, za pembe kama vigae, au ndefu zilizolala sambamba?

Nani atakuwa nani

Tone la nta, linapitisha mwanga, jeupe au la chungwa, juu ya gome au karara: fikiria Orbilia. Vifuko vifupi, vichwa vyake kama vimekatwa, iodini haitoi kitu, nyuzi tasa zina vichwa vya mviringo, na spora ndogo sana. Ndani ya kila spora hai mna kijitone kinachong'aa kilichoshikamana na ncha, na umbo lake, mviringo, chozi au mnyoo, ndilo kitambulisho. Spora ikifa, limepotea. Wanaoishi kwenye vijiti vya juu hewani huvumilia ukavu na hurudi hai ukiwalowesha, kwa hiyo hao wanakusamehe ukichelewa. Katika ukoo huu ndimo walimo wanasa minyoo niliowataja kwa bibi: nyuzi zao ardhini hutengeneza vitanzi vyenye gundi.

Kikombe cheupe chenye kikonyo na manyoya kama yaliyotiwa chumvi: huenda ni Lachnum. Unyoya una vyumba na umejaa chembechembe nje kuanzia shina hadi ncha, nyuzi tasa ni mikuki mirefu, na ncha ya kifuko kwa kawaida hutoa bluu. Kama manyoya ni laini bila chembe, umetoka nje ya Lachnum. Anza upya na jamaa wa Hyaloscypha.

Kisahani chekundu kwenye gogo lililolowa, chenye kope nyeusi pembeni, ni Scutellinia, na hapa jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu) ni rahisi hata mtoto wa skuli ataipata. Spishi ndiyo inayoumiza kichwa. Pima urefu wa kope, hesabu vyumba vyake, angalia mizizi yake kama imegawanyika, na vinundu vya spora kwa bluu ya pamba. Rangi ya chungwa ndani ya nyuzi tasa hugeuka kijani ukitia iodini. Inapendeza, na inathibitisha.

Wa kwenye mavi wana raha yake. Weka mavi ya ng'ombe, mbuzi au paa kwenye bakuli lenye shashi iliyolowa, funika, liache karibu na dirisha wiki moja hadi tatu. Ascobolus hutokeza vifuko vyake juu ya kikombe kama vidoa vyeusi, na spora zake ni za zambarau. Saccobolus ni hivyohivyo, ila spora nane zimefungwa bunda moja. Lasiobolus ni wa chungwa, mwenye miiba myeupe. Iodophanus ni wa waridi na vifuko vyake vyote hugeuka bluu. Mtu anayeanza ningemshauri aanzie hapa, kwani spora ni kubwa na hakuna haja ya kungoja masika. Watu wa nyumbani watasema watakachosema.

Ukishafika jenasi, pole pole. Funguo nyingi za kutambulia zimeandikwa Ulaya, na ukizifuata kwa nguvu utampa kikombe cha karara ya mnazi jina la kuvu inayoota kwenye misonobari ya theluji. Andika “Orbilia sp.” bila haya, pamoja na vipimo vyako.

Kuhifadhi

Kausha kivulini mbele ya feni, si juani, kisha weka kwenye bahasha ya karatasi ndani ya chombo cha kufunga, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye sanduku za viatu. Mchoro wa kikombe hai uingie bahasha hiyohiyo. Ukipata kitu cha ajabu, gawa sehemu mbili, moja ipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya chuo kikuu. Ya Dar es Salaam ipo.

Hadubini nayo ilale kavu, kwenye kabati lenye vipakiti hivyohivyo au taa ndogo inayowaka, maana kwa hewa ya kwetu kuvu huota hadi kwenye kioo. Siku ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui zisizosogea unaposogeza slaidi, usizichore. Zungusha lenzi ya jicho. Zikizunguka nazo, ziko humo.